Vitamini C: Mlaji wa Tukuyu ananunua nini hasa?

Na Mwandishi Wetu

WAKAZI wa Bulyaga na sehemu nyingine za mji wa Tukuyu, wilayani Rungwe, wana njia mbili za kununua vitamini C. Njia ya kwanza ni duka la dawa, ambako bidhaa hiyo huja katika chupa, pakiti za vidonge vya kutafuna, au vidonge vinavyochemka ndani ya glasi ya maji. Njia ya pili ni sokoni, ambako huuzwa bila lebo yoyote, ikiwa ndani ya pera, chungwa, papai, kabeji na mchicha.

Bidhaa yenyewe ni ile ile. Asidi askobiki iliyomo kwenye kidonge haina tofauti ya kikemia na ile iliyomo kwenye pera. Kinachotofautiana ni bei, kiasi, na maneno yanayoandamana na bidhaa. Muuza mapera hasemi zaidi ya "karibu mama, matamu haya". Lakini lebo ya chupa, au wakala anayepita nyumba kwa nyumba na begi lake, husema vitamini C inapambana na mkazo wa oksidesheni, inasafisha damu, inachelewesha uzee na kulinda moyo.

Swali la mlaji ni la kibiashara kabisa. Je, anayelipia vidonge juu ya mlo wake wa kila siku anapata kinga aliyoahidiwa, au pesa yake inaishia chooni?

Kwa msomaji mwenye haraka, jibu ni hili: vitamini C inamsaidia sana mwenye upungufu, inamsaidia kidogo aliye pembezoni mwa upungufu, na haimwongezei kitu cha maana aliyekwisha kushiba. Kwa baadhi ya watu, dozi kubwa inaweza hata kuwa hasara. Hesabu zenyewe zinafuata, na mojawapo iliyo muhimu zaidi ilifanyika hapa hapa nchini.

OKSIDESHENI NI NINI?

Rungwe ni wilaya ya chai, kwa hiyo somo la oksidesheni halihitaji maabara. Mkulima wa chai anajua kwamba jani bichi likisagwa kiwandani na kuachwa likutane na hewa, rangi yake hutoka kwenye kijani na kuwa kama ya shaba, kisha hukaushwa. Wengi huita hatua hiyo kuchachua, lakini kikemia ni oksijeni inayofanya kazi ndani ya jani. Bila hatua hiyo hakuna chai nyeusi. Ikipitiliza muda wake, ubora unashuka na bei inashuka pia.

Muuza maparachichi anaujua upande wa pili. Tunda likikatwa na kuachwa wazi, nyama yake inageuka kahawia na mteja analikataa. Ukilipaka maji ya limau, weusi unachelewa. Ukali wa limau unachangia, na vitamini C iliyomo ndani yake inachangia vilevile, kwa kuwa inajitoa kuliwa na oksijeni kabla ya nyama ya tunda.

Ndani ya mwili mambo yanafanana na hayo. Chembe hai za mwili huunguza chakula kwa kutumia oksijeni ili kupata nguvu. Katika kazi hiyo hutokea vipande vichokozi ambavyo wanakemia huviita radikali huru. Vipande hivyo hugonga mafuta, protini na vinasaba na kuviharibu. Moshi wa sigara huviongeza. Moshi wa kuni katika jiko lisilo na dirisha nao huviongeza, sawa na maradhi ya muda mrefu kama kisukari kisichodhibitiwa na maambukizi.

Mwili nao una walinzi wake. Wengi huwatengeneza wenyewe, na wengine, wakiwemo vitamini C na vitamini E, huwapata kwenye chakula. Wachokozi wakiwazidi walinzi, hali hiyo ndiyo inayoitwa mkazo wa oksidesheni.

Hapa ndipo mfano wa chai unapofaa kukumbukwa. Oksidesheni yenyewe si adui. Chembe nyeupe za damu hutumia radikali huru kama silaha ya kuua vijidudu. Misuli inayofanya kazi huzitumia kama taarifa ya kuuambia mwili ujiimarishe. Kama ilivyo kiwandani, kazi ni kuweka kipimo, wala si kuifuta hatua yote. Lebo nyingi za vidonge hazisemi jambo hili.

DEBE LIKIJAA HALIONGEZEKI

Mwaka 1996 watafiti wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, wakiongozwa na Mark Levine, walichapisha matokeo ya kazi iliyochukua miezi mingi. Waliwaweka hospitali vijana saba wa kiume wenye afya nzuri, wakawapunguzia vitamini C kwenye chakula, kisha wakawapa dozi zilizopanda hatua kwa hatua, kuanzia miligramu 30 hadi 2500 kwa siku.

Matokeo yake ni kama ya mtu anayejaza debe. Kwenye dozi ndogo, kila nyongeza ilipandisha sana kiwango katika damu. Chembe za damu zilizopimwa zilijaa kwenye miligramu 100 kwa siku. Dozi moja ya miligramu 200 ilinyonywa yote. Kuanzia miligramu 500 na kuendelea, sehemu inayonyonywa ilipungua, na kilichonyonywa kikatolewa kwa mkojo. Vipimo vya jumla vinaonyesha kwamba mtu akizidisha gramu moja kwa siku, mwili hunyonya chini ya nusu ya alichomeza.

Mahitaji yenyewe si makubwa. Shirika la Afya Duniani na Shirika la Chakula na Kilimo yalipendekeza miligramu 45 kwa siku kwa mtu mzima. Wamarekani wanapendekeza zaidi: 90 kwa mwanamume, 75 kwa mwanamke, 85 kwa mjamzito na 120 kwa anayenyonyesha. Mvutaji sigara anatakiwa kuongeza 35, kwa sababu moshi unamaliza akiba yake haraka. Kiwango cha juu ambacho mtu mzima hashauriwi kukipita ni miligramu 2000.

Sasa linganisha na bidhaa za sokoni. Takwimu zifuatazo ni makadirio kwa gramu 100 za sehemu inayoliwa ikiwa mbichi, kwa kufuata majedwali ya chakula ya Wizara ya Kilimo ya Marekani. Aina ya mbegu, udongo na ukomavu hubadilisha tarakimu, lakini mpangilio wa jumla ndio huo.

Mapera: miligramu 228
Pilipili hoho za kijani: 80
Papai: 61
Machungwa: 53
Malimau: 53
Mchicha: 43
Kabeji: 37
Maembe: 36
Pasheni: 30
Viazi mviringo: 20
Nyanya: 14
Maparachichi: 10
Ndizi mbivu: 9

Mambo mawili yanajitokeza. Kwanza, mazao yanayoitangaza Rungwe nje ya wilaya, yaani ndizi na maparachichi, hayako juu katika orodha hii. Parachichi lina mafuta mazuri na ndizi ina wanga wa kutosha, lakini anayekula mbalaga asubuhi na jioni bila mboga wala tunda jingine hajajaza debe lake. Chai nayo, pamoja na sifa zake nyingine, haina vitamini C ya kuhesabika.

Pili, tunda linaloongoza ndilo linalodharauliwa. Pera moja dogo la gramu 55 lina takriban miligramu 125, yaani zaidi ya mahitaji ya siku nzima ya mtu mzima kwa vipimo vyote viwili vilivyotajwa. Katika maeneo mengi tunda hili huachiwa watoto na ndege, na linalobaki huozea chini ya mti.

AHADI NA MIZANI

Jina la vitamini C lilipaa duniani kutokana na mtu mmoja mwenye heshima kubwa. Linus Pauling wa Marekani alipata Tuzo ya Nobel ya kemia ya mwaka 1954 na ile ya amani ya mwaka 1962. Mwaka 1970 alitoa kitabu kuhusu vitamini C na mafua, akiwahimiza watu kumeza dozi kubwa kila siku. Wateja walifurika madukani. Pauling alifariki mwaka 1994, lakini soko alilolifungua lipo hadi sasa.

Madai yake yamepimwa. Kuhusu mafua, ambayo katika baridi na mvua za Tukuyu ni mteja wa kudumu wa maduka ya dawa, uchambuzi wa majaribio mengi uliotolewa na Cochrane mwaka 2013 ulikuta kwamba watu wa kawaida wanaomeza vitamini C kila siku wanaugua mafua mara zile zile sawa na wasiomeza. Kwa wanaoimeza kila siku, mafua yalifupishwa kwa asilimia 8 kwa watu wazima na asilimia 14 kwa watoto. Wanaoanza kumeza baada ya kushikwa hawakuonyesha nafuu ya kutegemewa. Walionufaika wazi ni wakimbiaji wa mbio ndefu, wanaoteleza kwenye theluji na askari waliokuwa katika mazoezi mazito, ambao mafua yao yalipungua kwa nusu.

Kuhusu moyo, mizani ilikuwa kali zaidi. Nchini Uingereza, utafiti uliochapishwa mwaka 2002 uliwahusisha watu 20,536 waliokuwa katika hatari kubwa ya maradhi ya moyo. Nusu yao walipewa kila siku miligramu 250 za vitamini C pamoja na vitamini E na beta-karotini kwa miaka mitano. Viwango vya vitamini katika damu vilipanda, lakini vifo, mshtuko wa moyo, kiharusi na saratani havikupungua. Nchini Marekani, madaktari wanaume 14,641 walifuatiliwa kwa wastani wa miaka minane. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2008 yalionyesha kuwa miligramu 500 za vitamini C kila siku hazikupunguza maradhi makubwa ya moyo wala saratani.

Je, mkazo wa oksidesheni wenyewe unapungua? Jibu linategemea hali ya mtu kabla ya kuanza. Utafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, uliochapishwa mwaka 2008 uliwapa watu wasiovuta sigara miligramu 1000 kwa siku kwa miezi miwili. Waliokuwa na alama nyingi za mafuta yaliyoharibiwa na oksijeni katika damu walipata nafuu. Waliokuwa na alama chache hawakupata mabadiliko ya maana. Kwa lugha ya biashara, aliyekuwa na deni alilipa sehemu ya deni lake, na asiye na deni hakupata faida.

Upo pia upande wa hasara. Mwaka 1998 watafiti wa Leicester, Uingereza, waliwapa watu 30 wenye afya miligramu 500 kwa siku kwa wiki sita. Alama moja ya uharibifu wa vinasaba ilipungua, nyingine ikaongezeka. Mwaka 2009 watafiti wa Ujerumani wakiongozwa na Michael Ristow walionyesha kwamba vijana waliofanya mazoezi huku wakimeza miligramu 1000 za vitamini C pamoja na vitamini E walikosa baadhi ya faida za mazoezi hayo, hasa uwezo wa mwili kuitumia vizuri sukari. Vidonge vilikuwa vimezima ile taarifa ya misuli iliyotajwa hapo juu.

Nchini Sweden, wanaume 23,355 walifuatiliwa kwa miaka 11. Waliokuwa wakitumia vidonge vya vitamini C walipata mawe ya figo karibu mara mbili ya wasiotumia. Utafiti wa namna hiyo hauthibitishi moja kwa moja kwamba vidonge ndivyo vilivyosababisha, lakini mwili hugeuza sehemu ya vitamini C kuwa okzaleti, ambayo ndiyo malighafi ya aina nyingi za mawe hayo.

PALE AMBAPO UPUNGUFU NI WA KWELI

Ingekuwa makosa kuhitimisha kwamba vidonge havina kazi. Palipo na upungufu, hakuna dawa nyingine inayoshinda vitamini C.

Mwaka 1747 daktari wa meli ya Kiingereza, James Lind, aliwagawa mabaharia 12 wenye kiseyeye katika makundi sita na kuwapa tiba tofauti. Wawili waliopewa machungwa na malimau walipona haraka kuliko wote. Mtu anaweza kudhani hiyo ni historia iliyokwisha. Lakini kati ya mwaka 2017 na 2018 kiseyeye kilizuka katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, kaskazini mwa Kenya, miongoni mwa vijana wa kiume kutoka Sudan Kusini. Walikuwa wakiishi kwa nafaka na vyakula vikavu, bila matunda wala mboga za kutosha. Waliumwa miguu na magoti, na fizi zikavimba. Walipopewa vitamini C walipata nafuu kwa muda mfupi.

Somo la Kakuma kwa Rungwe ni kwamba ugonjwa huu unafuata mlo na hauchagui kabila wala nchi. Mzee anayeishi peke yake na kupika ugali na maharage tu, mlevi asiyekula, au mgonjwa aliyelala muda mrefu, anaweza kufikia hapo hata kama jirani yake ana miti mitatu ya mapera.

HESABU YA DAR ES SALAAM

Utafiti unaomhusu Mtanzania kwa karibu zaidi ulifanyika Dar es Salaam, kwa ushirikiano wa Chuo cha Muhimbili na Chuo Kikuu cha Harvard. Ulianza mwaka 1995, wakati dawa za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI zilikuwa hazipatikani kwa wananchi walio wengi. Miongoni mwa viongozi wake walikuwa Wafaie Fawzi wa Harvard na Gernard Msamanga wa Muhimbili.

Akina mama wajawazito 1,075 wenye virusi waliingizwa katika utafiti huo. Baadhi yao walipewa kila siku mchanganyiko wa vitamini za kundi B, vitamini E na miligramu 500 za vitamini C. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1998 yalikuwa mazuri. Kujifungua watoto wenye uzito mdogo kulipungua kwa asilimia 44, na vifo vya watoto tumboni vilipungua pia.

Mwaka 2004 zilitolewa habari za ufuatiliaji wa muda mrefu. Kati ya wanawake 271 waliopewa mchanganyiko huo peke yake, 67 walifikia hatua ya nne ya ugonjwa au kufariki. Kati ya 267 waliopewa vidonge visivyo na dawa, walikuwa 83. Vitamini hazikuwa tiba, lakini zilichelewesha ugonjwa kwa watu ambao miili yao ilikuwa imepungukiwa na ilikuwa vitani.

Kisha dawa za ARV zikafika, na watafiti wakauliza swali la pili: je, kwa mgonjwa anayeanza ARV, dozi kubwa ya mchanganyiko ule ule ina faida kuliko dozi ya kawaida ya mahitaji ya siku? Kati ya mwaka 2006 na 2008, wagonjwa 3,418 waliandikishwa katika kliniki saba za Dar es Salaam. Utafiti ulisimamishwa mwezi Machi 2009 kabla ya muda wake. Dozi kubwa haikupunguza vifo wala kuendelea kwa ugonjwa. Badala yake, waliopewa dozi kubwa walikuwa na uwezekano wa asilimia 44 zaidi wa kupandisha ALT, kipimo kinachoashiria kwamba ini linasumbuka. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2012.

Ni lazima isemwe wazi kwamba katika tafiti zote hizo mbili vitamini C ilikuwa imechanganywa na nyingine, kwa hiyo sifa na lawama haziwezi kubebeshwa yenyewe tu. Lakini mafunzo kwa mnunuzi ni mawili na yako wazi. Kilichomfaa mgonjwa asiye na dawa hakikumwongezea kitu mgonjwa mwenye dawa. Na dozi kubwa si toleo bora la dozi ndogo.

Jambo hili lina uzito katika ukanda huu. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2016 hadi 2017 ulionyesha kuwa maambukizi ya virusi vya UKIMWI kwa watu wazima mkoani Mbeya yalikuwa asilimia 9.3, wakati wastani wa nchi ulikuwa asilimia 5. Wateja wa namna hiyo ndio wanaofuatwa na wauzaji wa virutubisho, tena kwa maneno matamu. Mgonjwa anayetumia ARV asiache dawa kwa ajili ya chupa yoyote ya vitamini, na asiongeze dozi kubwa bila kumwambia mhudumu wa kliniki yake.

BEI YA DUNIANI NA BEI YA DUKANI

Msomaji wa ukurasa huu atataka pia kujua bidhaa inatoka wapi. Vitamini C ilikuwa ya kwanza kutengenezwa kiwandani kwa wingi, kufuatia njia iliyobuniwa na Tadeus Reichstein nchini Uswisi mwaka 1933. Kampuni ya Roche iliinunua njia hiyo na kuanza kuuza mwaka uliofuata. Kwa miongo mingi biashara ilikuwa mikononi mwa makampuni machache ya Ulaya na Japani.

Katika miaka ya 1990 makampuni hayo yalikaa mezani na kupanga bei. Mwaka 1999 Roche ilikiri kosa nchini Marekani na kukubali faini ya dola milioni 500, na BASF dola milioni 225. Mwaka 2001 Kamisheni ya Ulaya ilitoza makampuni manane jumla ya yuro milioni 855.22 kwa njama za vitamini mbalimbali. Njama ya vitamini C ilikuwa imevunjika mapema, mwaka 1995, na iliyoivunja ni ushindani wa bidhaa za bei nafuu kutoka China.

China ikawa muuzaji mkuu. Nayo haikukwepa mashtaka ya kupanga bei: wanunuzi wa Marekani walifungua kesi mwaka 2005, wakashinda mbele ya baraza la wazee wa mahakama mwaka 2013, na kesi ikafutwa na mahakama ya rufaa mwaka 2021 baada ya kupitia hadi Mahakama Kuu ya juu ya nchi hiyo.

Maana yake kwa mnunuzi wa Bulyaga ni kwamba unga wenyewe wa vitamini C huuzwa duniani kwa tani, kama sukari au mbolea. Chupa ya bei kubwa na pakiti ya bei ndogo zinaweza kuwa na kemikali ile ile. Tofauti anayolipa mteja mara nyingi ni chupa, rangi, matangazo na tume ya mawakala.

MLAJI AFANYE NINI?

Kwanza, apige hesabu kabla ya kulipa. Achukue bei ya chupa, agawe kwa idadi ya vidonge, kisha alinganishe na bei ya fungu la mapera au papai moja siku hiyo. Kidonge cha miligramu 1000 asikihesabu kuwa mara tano ya kile cha 200, kwa sababu mwili hauhesabu hivyo.

Pili, atunze anachonunua sokoni. Vitamini C huyeyuka katika maji na huharibiwa na moto na hewa. Mboga zioshwe kabla ya kukatwa, zipikwe kwa maji kidogo na kwa muda mfupi, na mchuzi wake usimwagwe. Mboga iliyochemshwa hadi kufifia imebaki na ladha tu.

Tatu, aitumie palipo na faida ya uhakika. Vitamini C ikiliwa pamoja na maharage na mboga za majani husaidia mwili kunyonya madini ya chuma. Kwa akina mama wajawazito na watoto wenye upungufu wa damu, kukamulia limau kwenye maharage au kula pera baada ya chakula ni tendo la gharama ndogo. Chai hufanya kinyume, kwani huzuia chuma hicho. Katika wilaya inayolima chai hakuna atakayemshauri mtu aache kuinywa, ila ni vema isindikize mazungumzo saa moja baada ya mlo kuliko kuandamana na sahani.

Nne, wapo wanaopaswa kuuliza kwanza kwa mganga: mwenye historia ya mawe ya figo, mwenye ugonjwa wa figo, na anayetumia dawa za muda mrefu. Mwenye shinikizo la damu akumbuke kwamba vidonge vinavyochemka katika maji huwa na sodiamu nyingi, ambayo ndiyo sehemu inayosumbua katika chumvi.

Tano, anayehitaji kidonge kweli, kwa mfano aliyeandikiwa na mganga au asiyepata matunda kabisa, anunue dozi ndogo katika duka la dawa linalotambulika, na aangalie tarehe ya mwisho wa matumizi. Dozi ya miligramu 100 hadi 200 inatosha kujaza debe.

Kwa mvuta sigara na kwa familia inayopika katika moshi, hesabu ni nyingine kabisa. Tunda litasaidia kujaza akiba, lakini hakuna kidonge kinachoweza kushindana na chanzo. Kuacha sigara, kutoboa dirisha la jikoni au kununua jiko lenye bomba la kutolea moshi kunapunguza wachokozi wenyewe, badala ya kuongeza walinzi kila mwezi kwa pesa taslimu.

Kwa wafanyabiashara wa matunda, habari hizi ni fursa. Pera halina wakala, halina tangazo, na halivumilii safari ndefu. Lakini linauza kitu ambacho chupa inakiuza kwa bei ya juu. Mwenye kulifikisha sokoni likiwa zima, akalipanga mbele ya ndizi na kumweleza mteja kwamba tunda moja linatosha siku nzima, atakuwa amesema kweli tupu, na si kila muuza vitamini anaweza kusema hivyo.